Marehemu Dokata Kura, Aliyeshika Kamba ya Mashine

Jumatano tarehe 20 Februari 1957, marehemu Dokata Kura aliamka kabla ya adhana, kama desturi yake. Alikama mbuzi, akawasha moto, akachemsha chai ya maziwa. Mume wake, Mzee Mahat Rage, aliswali, akanywa chai, kisha akanyoosha mguu wa kushoto. Hilo lilikuwa jambo la kila siku ya kazi. Dokata alipiga goti akamfunga kamba nyembamba kwenye kifundo cha mguu, kwa fundo lile wanalofungwa ndama wa ngamia. Alimfunga mguuni kwa sababu mkono wa fundi hukaa karibu na chuma kinachozunguka.

"Umekaza," Mahat alisema.

"Sijakaza. Umenenepa."

"Nimenenepa kwa chakula gani?"

"Kwa changu. Kuna kingine unachokula?"

Maneno hayo Dokata aliyasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, maana Mahat hasikii. Majirani walicheka ndani ya nyumba zao. Mahat akaingia karakana. Dokata akatandika mkeka nje, nyuma ya ukuta wa mabati, akashika ncha ya pili ya kamba iliyopita kwenye tundu. Injini ikawashwa. Hiyo ndiyo asubuhi yao ya mwisho ya kawaida.

Dokata alizaliwa mwaka 1907 upande wa Wajir, katika nyumba ya Kura na mkewe Batula, watu wa ngamia, wasemao Kiborana. Mwaka huo umehesabiwa na kaka yake Ogle, ambaye ni mkubwa kwake na yuko hapa. Asiyekubali hesabu yake amwendee yeye.

Shuleni hakwenda. Wakati ule hapakuwa na shule, na kama ingekuwepo ngamia wasingemruhusu. Alifundishwa sura chache za kuswalia, na mama yake akamfundisha kengele. Kila ngamia wa Kura alivaa kengele ya mbao, na kila kengele ilichongwa kivyake. Ngamia walipoingia kichakani wasionekane, mtoto Dokata aliketi chini, akafumba macho, akasema fulani yuko pale, fulani anakula, fulani amesimama bila kula, mkamtazame mguu. Wakienda wanakuta mwiba. Hayo ndiyo masomo yake, na aliyatumia mpaka mwisho.

Ndoa yake ilianza na mzigo. Mwaka 1927 Haji Sugow, mfanyabiashara mnayemjua, alinunua mashine ya kukereza vyuma huko Kismayu, akaituma Garissa kwa ngamia ikiwa vipande vipande. Mahat ndiye aliyeisindikiza. Alikuwa amejifunza kukereza kwa fundi wa Kihindi wa huko huko Kismayu, na mashine ile aliijua tangu ujana. Walipofika Dadaab, ngamia walikuwa wamechoka, migongo ina vidonda. Kura alikuwa ameshuka na mifugo yake kutafuta malisho, akawakodisha wake. Kwa watu wale kupakia ngamia ni kazi ya wanawake. Basi Dokata akaja kupakia, akamkuta Mahat amekifunika kichwa cha mashine kwa mablanketi mawili, amekaa kando akikilinda.

"Huyu ana homa?" Dokata aliuliza, kwa Kisomali cha kuokoteza.

"Ni mashine. Ina thamani. Taratibu."

"Basi ondoka hapo nimpakie. Bibi harusi mwenyewe halindwi hivi."

Mahat alikuwa amepakia kitanda cha mashine upande mmoja na kichwa upande wa pili, na njia nzima kutoka Kismayu mzigo ulikuwa ukilalia upande wa kitanda. Dokata aliufungua wote. Aliongeza mfuko wa chumvi upande wa kichwa, akakaza kamba za huku kidogo na za kule kidogo, kwa zamu, hakumaliza upande mmoja kwanza. Ngamia akainuka, na mzigo ukakaa. Mahat alimtazama ngamia, kisha akamtazama aliyempakia. Kabla mwaka haujaisha alirudi Dadaab na wazee. Yeye alikuwa na Kisomali, mkewe Kiborana, wakakutana katikati kwa Kiswahili cha sokoni. Hicho ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yao, na ndiyo sababu haya yanasomwa hivi.

Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu: Tiya, Nunow na Anab.

Kazi ya Dokata ilikuwa nyumba yake, kama mama wengine. Lakini mashine ile ilikuwa mlango wa pili, na hakuweza kuiona ikihangaika akanyamaza. Msimu wa kiangazi mkanda wa ngozi unaotoka kwenye injini kuzungusha mashine ulikauka ukateleza, injini inakimbia na mashine imelala. Dokata alitwanga ubani, akauchanganya na mafuta ya mkia wa kondoo, akampa mumewe aupake mkanda. Uliposhika moto kidogo, karakana nzima ikanukia, na watu waliokuja na vyuma vyao wakasimama mlangoni wakiuliza, "Nani anaolewa humu?" Mwaka mwingine mto ulifurika, ardhi chini ya mashine ikalegea. Kila shafti, chuma kirefu cha mviringo, ikatoka nene huku na nyembamba kule. Mahat alihangaika siku kadhaa na kichwa cha nyuma, akikisogeza na kukirudisha. Dokata alikuja na bakuli la maji, akaliweka juu ya kitanda cha mashine. Maji yakaegemea upande.

"Hema lako limekaa vibaya," alisema. "Acha nguzo. Tengeneza chini."

Mahat akatengeneza chini, na shafti zikanyooka.

Mwaka 1938 masikio ya Mahat yalianza kufa. Hayakufa kwa siku moja. Kwanza zilipotea sauti za ndege, kisha za watoto, kisha za mashine yenyewe. Injini na mashine ndani ya kibanda cha mabati, miaka na miaka, hazimwachii mtu masikio. Na mashine ya kukereza husema kabla ya kuharibika. Kisu kikiwa butu kinapiga mluzi mwembamba. Kisu kikichomoza mno kwenye kishikio chake, au chuma kirefu kikikosa kushikwa upande wa pili, vitu vyote vinatetemeka, na chuma kinatoka na mawimbi kama mchanga uliopigwa na upepo. Beringi, zile pete ambamo chuma huzungukia, zikikauka zinalia kama kifaranga. Fundi anayesikia hurekebisha mapema. Asiyesikia hungoja moshi. Mahat alijaribu kuweka kiganja juu ya mashine ili asikie kwa mkono. Mkono husikia mtetemo mkubwa, lakini kilio cha beringi haukipati mpaka pawe pameungua.

Haji Sugow alikuwa mtu mwema, lakini mashine ni yake. Akijua fundi hasikii ataleta mwingine kutoka bara, na hakuna ambaye angemlaumu. Mahat hakuwa na ngamia wala ng'ombe. Aliowarithi walikufa kwa ukame. Nyumba waliyolala ilikuwa ya karakana. Mashine ikitoka mkononi mwake, watoke wote, waende kwa ndugu za mke wakale kwa huruma. Jambo hilo lilimnyima Mahat usingizi, na hakumwambia mtu.

Dokata alijua mwenyewe. Siku moja alisikia beringi zinalia, akangoja mashine izimwe, isizimwe. Akaingia, akamwita mumewe kutoka nyuma. Hakugeuka. Akamwita tena. Kisha akamzunguka akasimama mbele yake.

"Tangu lini?"

Mahat aliona midomo tu, lakini swali alilijua. Dokata akatoka. Kesho yake asubuhi, chai ilipokwisha, alikuja na kamba, akasema, "Nipe mguu."

Wakakubaliana. Kuvuta mara moja: kisu butu. Kutikisa: kuna mtetemo, rudisha kisu ndani, shika chuma vizuri. Kuvuta kwa nguvu bila kuachia: beringi, zima injini. Dokata alikaa nje akisuka mikeka, kamba imezungushwa kidoleni, na kazi ya Mahat ikawa safi kuliko wakati alipokuwa na masikio. Bulla nzima, yaani mtaa wote, ilijua. Wanaume wakipita walimtania, "Dokata, ngamia wako leo amekula?" Wengine walisema mwanamke wa Kiborana amemfunga mume asitoroke. Mahat hakusikia. Dokata alisikia kwa niaba ya wote wawili, na nyumbani hakuyaleta. Lakini Haji alipokuja kutoka Ijara, alikokuwa na mifugo yake, bulla ile ile ilifunga mdomo. Mungu awalipe wote walionyamaza. Wengine wao wamekaa hapa.

Haji alikuja kujua mwaka 1946, kwa sababu ya mbuzi.

Siku hiyo maji yaliisha nyumbani mapema. Dokata aliona chuma kilichoko kwenye mashine ni laini na kazi ni fupi, akaamua kukimbia mtoni mara moja. Sasa, mtoto wa wafugaji haachi kamba chini. Kamba iliyoachwa chini huliwa, hupotea, au humfunga mtu miguu. Mkono wake uliifunga kwenye kigingi kilicho karibu bila kumuuliza, akaenda. Kigingi kile kilikuwa na mbuzi dume, na kilikuwa kimelegea.

Mbuzi akaona majani mbele kidogo. Akang'oa kigingi, akavuta.

Ndani, Mahat alivutwa kwa nguvu bila kuachiwa. Akazima injini. Akafungua vifuniko vya beringi, akagusa: baridi. Akatia oili, akafunga, akawasha. Mbuzi akavuta. Mahat akafungua tena, safari hii akatoa kila kitu. Haji Sugow alipoingia na vumbi la Ijara mwilini, alikuta mashine yake imechinjwa, nati na boliti zimetandazwa sakafuni kama nyama ya sadaka.

"Asalaam aleikum," Haji alisema. Akasema tena kwa nguvu. Mahat ameinama anapangusa. Haji akaona kamba mguuni kwa fundi wake, inavutwa, inalegea, inavutwa. Akaifuata kwa macho mpaka kwenye tundu, kisha akatoka nje akazunguka ukuta. Dokata alirudi na mtungi mgongoni akamkuta Haji amesimama uso kwa uso na mbuzi.

"Mama Tiya," Haji alisema, "nilidhani nina fundi mmoja. Kumbe wako wawili, na huyu ana ndevu kunizidi."

Dokata aliteremsha mtungi.

"Tangu lini hasikii?"

"Miaka, Haji."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza masikio. Uliuliza kama shafti ziko tayari, na zilikuwa tayari."

"Mtu kiziwi kwenye mashine! Siku moja itamla mkono."

"Ndiyo maana ya kamba."

"Kamba ameshika mbuzi!"

Haji akasema atatoa uamuzi Ijumaa. Siku zilizobaki, Dokata alianza kufunga vyombo. Mahat aliziona sufuria zimepangwa mlangoni, naye akaanza kupaka visu vyake mafuta, visipate kutu njiani.

Ijumaa asubuhi Haji alikuja. Hakuingia karakana. Alikaa kwenye mkeka wa Dokata, akamwambia ampe kamba, akafumba macho. Mahat alikuwa ndani anafanya kazi, hajui kitu.

"Nasikia ghasia," Haji alisema.

"Subiri."

"Nasikia ghasia na njaa yangu."

"Hapo. Mluzi umeanza."

"Mluzi uko wapi?"

"Chini ya ngurumo. Ni mwembamba. Vuta mara moja."

Haji akavuta. Mashine ikapunguza mwendo, ikasimama. Wakachungulia tunduni. Mahat alikitoa kisu, akakitazama, akakipeleka kwenye jiwe akakinoa. Haji aliitazama kamba iliyo mkononi mwake.

"Hakugeuka hata kuona nani amevuta."

"Ageukie nini?"

"Na alipovutwa na mbuzi aliamini hivi hivi."

"Ndiyo, Haji," Dokata alisema. "Hilo ndilo linaloniogopesha tangu siku ile."

Haji akainuka, akakung'uta kanzu. "Basi sikiliza. Mashine haitazunguka kama wewe hupo kwenye mkeka huu. Maji yako yataletwa na punda wangu. Na yule mbuzi afungwe ng'ambo."

"Ng'ambo ya mto?"

"Ng'ambo ya macho yangu."

Dokata alirudi ndani akazirudisha sufuria mahali pake. Tangu siku ile hakuteka tena maji siku ya kazi. Wanawake wenzake walimwita Malkia wa Kamba, na yeye alikubali jina, akasema malkia gani anayekaa chini. Miaka kumi na zaidi haikuungua beringi hata moja ya mashine ile, na mkono wa Mahat una vidole vyake vyote. Pampu nyingi za visima, kutoka hapa mpaka njia ya Mandera, zina kipande kilichopita mikononi mwa Mahat na masikioni mwa Dokata.

Ugonjwa ulimjia ile Jumatano iliyotajwa mwanzo. Kabla ya adhuhuri Mahat alivutwa kwa nguvu bila kuachiwa. Alizima injini, akagusa beringi. Baridi. Kamba ilikuwa bado imekazana. Akamkumbuka yule mbuzi wa zamani, akacheka peke yake, akatoka nje kumfukuza. Alimkuta Dokata amelala ubavu juu ya mkeka, kamba iko chini yake.

Upande wa kulia ulikuwa umepooza. Alipelekwa hospitali, akahudumiwa vizuri, na baada ya wiki moja akaomba kurudishwa nyumbani. Sauti yake ilibaki ndogo, ya kunong'ona. Watu walioizoea bulla yetu wanasema siku zile palikuwa kimya mno, hakuna anayeitwa kunywa chai, hakuna anayeulizwa kofia yake iko wapi. Mahat alikaa karibu naye akitazama midomo. Mengine aliyapata, mengine Tiya alimrudia kwa sauti. Dokata alitaka mashine iwashwe, akasema kitanda chake kisogezwe ukutani na Tiya akae na kamba. Wakafanya hivyo siku tatu. Mama akinong'ona, Tiya anavuta. Siku ya nne Tiya alivuta kabla mama hajanong'ona, na mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha Mahat mwenyewe akazima injini, akaja kukaa.

Dokata alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, mwezi wa Shaabani, nyumbani kwake Garissa. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Haji Sugow aliingia kaburini kumpokea pamoja na kaka yake.

Ameacha mume, Mahat Rage. Binti zake Tiya na Anab. Mwanawe Nunow, aliyefika kutoka Mandera udongo ukiwa bado mbichi. Kaka yake Ogle Kura. Mkwe wake Abkul, anayewasomea haya. Na wajukuu, ambao wote wanaongea kwa kupiga kelele na wamechukua kwake. Haji ameuliza nani atashika kamba. Tiya amesema yeye. Mahat amesema wangoje mpaka arobaini ipite, na mkanda ameuvua kwenye mashine kwa mkono wake.

Mola ampokee kwa upole, ampanulie kaburi lake, na sisi atupe subira ya kubaki.

Usiku wa mwisho kabla ya alfajiri ile, Dokata alinong'ona jambo akimtazama Mahat. Mahat aliona midomo, hakupata neno. Tiya alitaka kumrudia, mama yake akamzuia kwa mkono uliokuwa bado mzima. Tiya alimwambia baba yake jana, akipiga kelele mbele ya watu wote waliokuja kuomboleza, na Mahat ameomba yaandikwe kama yalivyosemwa:

"Mtu huyu nimempigia kelele miaka yote hii, na hata siku moja hakuniuliza mbona nina hasira. Alijua sina."